Printi kwa kuandika amri, uokoe karatasi

Somo la leo ni kwa mwenye kompyuta ya Ubuntu au Mac. Windows ya kawaida haina amri hizi, usisumbuke kuzitafuta.

Duka langu lipo Tengeru. Wateja wangu wakubwa ni wanachuo wenye ripoti za fildi na walimu wenye mitihani. Mwalimu akitaka nakala 45 za mtihani wa kurasa 4, hizo ni karatasi 180. Rimu nzima ina 500. Ukibonyeza vibaya mara moja tu, zaidi ya theluthi ya rimu imekwenda, na faida ya siku imekwenda nayo. Ukiandika amri, unaisoma yote kwanza ndipo unabonyeza Enter.

Kompyuta sijasomea, nimeishia kidato cha nne. Ni amri chache tu. Fungua terminali, ingia kwenye folda yenye faili, halafu:

1. Kujua printa zako:
lpstat -p -d
Inakutajia majina ya printa, na ile itakayotumika usipochagua nyingine.

2. Nakala nyingi:
lp -n 45 -o collate=true mtihani.pdf
Hiyo collate inatoa seti moja kamili ndipo ianze nyingine. Wewe kazi yako ni kubana pini.

3. Kurasa chache:
lp -P 12-15 ripoti.pdf

4. Pande mbili:
lp -o sides=two-sided-long-edge ripoti.pdf
Kurasa 60 zinatoka kwenye karatasi 30. Ila printa iwe ya kugeuza karatasi yenyewe.

5. Mteja hajalipa, anasema "ngoja nitoe hela kwa wakala":
lp -H hold ripoti.pdf
Kazi inasubiri kwenye foleni. Utapewa namba yake, mfano Duka-27. Akirudi na hela:
lp -i Duka-27 -H resume

6. Umeme ukikatika katikati ya kazi. Hapa wengi tunaumia. Kazi iliyo kwenye foleni haipotei. Umeme ukirudi inaweza kuanza tena ukurasa wa kwanza, na mwenyewe alishapanda daladala kwenda Usa River. Kwa hiyo washa kompyuta kwanza, printa iache imezimwa. Angalia foleni:
lpstat -o
Futa moja: cancel Duka-27
Futa zote: cancel -a
Ndipo uwashe printa.

Angalizo: -p na -P ni vitu viwili tofauti. Jina la faili likiwa na nafasi, liwekee alama za kunukuu, mfano "ripoti ya mwisho.pdf".

Na hata ukishazoea, toa nakala 1 kwanza, mpe mteja aikague kwa macho yake. Akikubali, andika -n 44 umalizie. Kosa la karatasi 4 linavumilika, la karatasi 180 utalilipa wewe.