Ndoa ya Molière na Tatizo la Kusoma Maisha ya Mtunzi katika Tamthilia Zake

Ikisiri

Makala haya yanachunguza ndoa na maisha ya kifamilia ya mtunzi wa ramsa wa Kifaransa, Molière (1622–1673). Hoja kuu ni kwamba hati za ndoa na ubatizo, masimulizi ya mahasimu, na maneno ya wahusika wa jukwaani ni ushahidi wa aina tatu usiolingana uzito. Kuchanganywa kwa aina hizo kumemwonea mke wa mtunzi kwa muda mrefu. Aidha, makala yanaonyesha jinsi msamiati wa ndoa wa Kiswahili unavyoweza kumwelekeza au kumpotosha msomaji wa tamthilia hizo.

1.0 Utangulizi

Molière si mgeni kwa wasomaji wa Kiswahili. Mchuuzi Mwungwana, Tabibu Asiyependa Utabibu na Mnafiki ni tafsiri za tamthilia zake. Msomaji wa kazi hizo na nyinginezo za mtunzi huyu hukutana mara kwa mara na waume wenye wivu, baba wakaidi, na wazee wanaotaka kuoa wasichana. Inapoulizwa ni kwa nini mambo hayo yanarudiwarudiwa, jibu jepesi ni kwamba mtunzi aliandika yaliyomfika nyumbani kwake. Jibu hilo lina mvuto, kwani Molière alioa akiwa na umri wa miaka 40, na mkewe alikuwa na umri wa takriban nusu ya huo. Hata hivyo, jibu lenye mvuto si lazima liwe jibu sahihi. Ili kulipima, yafaa kwanza kutenga yale yanayothibitishwa na hati.

2.0 Yanayothibitishwa na Hati

Jean-Baptiste Poquelin alibatizwa katika kanisa la Saint-Eustache, Paris, tarehe 15 Januari 1622. Baba yake alikuwa fundi wa mapambo na samani aliyepata cheo cha kumhudumia mfalme. Mama yake, Marie Cressé, alifariki mwaka 1632. Baba alioa tena mwaka 1633, na mama huyo wa kambo naye alifariki mwaka 1636. Hivyo, kabla ya kutimiza miaka 15, kijana huyu alikuwa amekwisha kufiwa na mama mara mbili.

Mwaka 1643 aliacha kazi ya baba yake, akashirikiana na mwigizaji Madeleine Béjart na nduguze kuunda kundi la maigizo. Kundi hilo lilishindwa kulipa madeni, na mwaka 1645 Molière alifungwa gerezani kwa sababu hiyo. Baada ya hapo yeye na akina Béjart walizunguka mikoani kwa takriban miaka 13, hadi walipocheza mbele ya Mfalme Louis wa Kumi na Nne tarehe 24 Oktoba 1658. Ukoo wa Béjart, kwa hiyo, ulikuwa jamaa yake kikazi kabla haujawa jamaa yake kwa ndoa.

Mkataba wa ndoa yake na Armande Béjart ulitiwa saini tarehe 23 Januari 1662, na ndoa ikafungwa kanisani tarehe 20 Februari mwaka huohuo. Walizaa watoto watatu. Wa kwanza, Louis, alizaliwa Januari 1664 akafa Novemba mwaka huohuo. Wa pili, Esprit-Madeleine, alibatizwa Agosti 1665, naye peke yake ndiye aliyefikia utu uzima. Alifariki mwaka 1723 bila kuacha mtoto. Wa tatu, mvulana, alibatizwa tarehe 1 Oktoba 1672 akaishi siku chache tu. Molière mwenyewe alifariki tarehe 17 Februari 1673, saa chache baada ya kuigiza. Mwaka 1677 Armande aliolewa na mwigizaji mwenzake, Guérin d'Estriché, akaishi naye hadi alipofariki mwaka 1700.

3.0 Suala la Nasaba ya Armande

Mkataba wa mwaka 1662 unamtaja Armande kuwa ni binti wa Joseph Béjart na Marie Hervé. Kwa maana hiyo alikuwa mdogo wake Madeleine. Lakini ilifahamika kwamba Madeleine alikuwa mwandani wa Molière tangu ujana wao, na wapinzani walidai kuwa Armande alikuwa binti yake, si mdogo wake. Mwaka 1663 mwigizaji Montfleury, wa kundi lililoshindana na la Molière, alipeleka kwa mfalme shutuma kwamba Molière ameoa binti wa mwanamke aliyekuwa hawara yake. Mfalme alikubali kuwa baba wa ubatizo wa mtoto wa kwanza wa Molière, ubatizo uliofanyika Februari 1664. Tendo hilo lilieleweka na wengi kuwa ndilo jibu lake.

Wataalamu wamegawanyika. Wanaoegemea upande wa udada hutaja mkataba wenyewe, na hati ya Machi 1643 ambamo Marie Hervé, aliyekuwa mjane, anataja mtoto mchanga wa kike ambaye alikuwa hajabatizwa. Wanaoegemea upande wa umama hutaja umri mkubwa wa Marie Hervé wakati huo, na ukweli kwamba Madeleine alizaa binti mwaka 1638 na Bwana wa Modène. Hutaja pia jina la Esprit-Madeleine: baba yake wa ubatizo alikuwa Esprit, yule Bwana wa Modène, na mama yake wa ubatizo alikuwa Madeleine. Kwao, hao walikuwa babu na bibi wa mtoto. Lakini desturi ya kumpa mtoto majina ya wasimamizi wake wa ubatizo ilikuwa ya kawaida, kwa hiyo jina peke yake halithibitishi damu.

La kuzingatia hapa ni kwamba mkataba una dosari zake, kwani hati inaweza kuficha jambo. Hata hivyo, ulitiwa saini mbele ya mashahidi wa pande zote mbili, akiwemo baba mzazi wa Molière. Shutuma ya Montfleury ilitolewa na mtu aliyekuwa amedhihakiwa jukwaani na Molière. Vyanzo hivi viwili haviwezi kuwekwa katika mizani moja.

4.0 Jukwaa kama Shahidi

Mwaka 1688, miaka 15 baada ya kifo cha Molière, kilichapishwa kijitabu kisicho na jina la mwandishi kilichomsingizia Armande kila aina ya uzinzi. Wasifu ulioandikwa na Grimarest mwaka 1705 nao uliendeleza picha ya ndoa yenye uchungu. Baadaye wahakiki walitafuta uthibitisho wa picha hiyo ndani ya tamthilia. Hapo ndipo kosa la kimbinu linapojitokeza, kama mifano minne inavyoonyesha.

Kwanza, L'École des maris ilichezwa Juni 1661, miezi minane kabla ya ndoa. Ndani yake mna ndugu wawili, kila mmoja akimlea msichana anayetaka kumwoa. Mdogo anamfungia wake ndani, akampoteza. Mkubwa, mwenye umri wa karibu miaka 60, anampa wake uhuru, naye anampenda kwa hiari. Ikiwa tamthilia ni maisha, ni yupi kati yao aliye Molière?

Pili, L'École des femmes ilichezwa Desemba 1662. Molière aliigiza Arnolphe, mzee anayemfuga msichana Agnès ili aje kuwa mke mjinga na mtiifu. Wengi humwona Armande katika Agnès. Lakini nafasi hiyo iliigizwa na Bi. de Brie, mwigizaji mwingine wa kundi hilo.

Tatu, katika Le Misanthrope ya mwaka 1666, Molière aliigiza Alceste, na Armande aliigiza Célimène, mjane kijana anayewachezea wanaume. Ulinganifu huu ndio unaonukuliwa zaidi. Lakini kama Célimène ni Armande, basi yafaa pia Angélique wa Le Malade imaginaire awe Armande, kwani yeye ndiye aliyemwigiza mwaka 1673. Angélique ni binti anayemlilia baba yake kwa dhati baba huyo anapojifanya amekufa, ilhali mke wa baba anafurahia urithi. Wahakiki waliomshika Armande kwa Célimène hawakumsifu kwa Angélique.

Nne, katika onyesho la tatu la Mchuuzi Mwungwana, kijana Cléonte anamwomba mtumishi wake amtajie kasoro za Lucile, mchumba wake, ili apate kumchukia. Mtumishi anataja macho madogo, kinywa kikubwa na kimo kifupi. Kila anapotaja kasoro, Cléonte anaigeuza kuwa sifa. Mapokeo yanasema kuwa hiyo ni sura ya Armande. Hata kama ni kweli, inayoonekana hapo si chuki ya mume aliyesalitiwa.

5.0 Mahari na Mwelekeo Wake

Msomaji wa Kiswahili anakabiliwa na tatizo jingine, nalo ni la kileksia. Mkataba wa mwaka 1662 unataja livre 10,000 zilizotolewa na upande wa bibi arusi, yaani 'dot', na livre 4,000 ambazo Molière alimwekea mkewe endapo angekuwa mjane. Kamusi humshawishi mfasiri kuita fungu la kwanza mahari. Lakini katika Kiswahili mahari hutoka kwa mume kwenda upande wa mke. Fungu la pili ndilo linalokaribiana zaidi na mahari, hasa ile sehemu ambayo katika ndoa za Kiislamu za pwani huahirishwa hadi talaka au kifo.

Tofauti hii hugusa hata kicheko. Katika L'Avare (1668), bahili Harpagon anataka kumwoza binti yake kwa mzee kwa kuwa mzee huyo amekubali kumchukua bila 'dot'. Ikifasiriwa 'bila mahari', mtazamaji wa Kiswahili atamwona baba aliye mkarimu asiyedai kitu, na ubahili wote utatoweka. Mfasiri hana budi kueleza: 'bila mimi kutoa hata senti'.

6.0 Hitimisho

Molière alipofariki, paroko alikataa kumzika kwa kuwa alikuwa mwigizaji na hakuwa ameukana uigizaji mbele ya kasisi. Aliyemwandikia askofu mkuu ombi, na kwenda kwa mfalme kumtetea, alikuwa mkewe Armande. Kibali kilitolewa, na maziko yakafanyika usiku wa tarehe 21 Februari 1673. Tendo hili limethibitishwa kwa hati, lakini halikupata umaarufu uliopewa kijitabu kisicho na mwandishi. Fundisho kwa mwalimu na mwanafunzi wa fasihi ni kwamba mhusika huzungumza kwa niaba ya tamthilia yake. Anayetaka kuijua ndoa ya mtunzi aanze na hati, apime masimulizi kwa kuangalia nani alisema na kwa nini, kisha ndipo arejee jukwaani. Maana mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani.