Mwanangu Ananitishia Polisi

*Sisi ni Wakongo wa Kivu Kusini. Tulikaa miaka mingi kambi ya Nakivale, Uganda, kabla ya kuletwa Norway. Mwanangu wa kwanza ana miaka 13. Ametushinda wote kwa lugha, ndiye anayetusomea barua na kutusemea kwa daktari. Majuzi alirudi usiku sana, nikamchapa kwa ndala. Akaniambia, "Ukinigusa tena napigia polisi." Kumbe alishamweleza mwalimu. Sasa Barnevernet wametuita, na hata barua hiyo amenisomea yeye. Wenzetu kanisani wanasema tusiende, wale huchukua watoto. Baba yake hasemi naye tena. Anataka kumrudisha Uganda kwa mjomba wake, anasema mchelea mwana kulia hulia yeye. Mimi nimeacha hata kumuuliza anakotoka. Nchi hii mzazi ana haki gani?*

*Mama mwenye mashaka, Norway*

Mama mpendwa,

Nendeni, wewe na mumeo. Barnevernet, idara ya ulinzi wa watoto, ikipata taarifa ina wiki moja ya kuipima, na ikifungua uchunguzi kwa kawaida ina miezi mitatu ya kuumaliza. Msipotokea, uchunguzi utaendelea bila ninyi, na habari za nyumba yenu zitaandikwa na watu wasiowajua. Mwalimu naye msimchukie. Akiwa na sababu ya kuamini kwamba mtoto anapigwa nyumbani, sheria inamlazimu kutoa taarifa.

Hofu ya wenzako kanisani ina chanzo. Tarehe 10 Desemba 2021, Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliamua kwamba Norway ilivunja haki ya maisha ya familia ya mama mmoja Msomali aliyeingia nchini akitokea Kenya. Mama huyo ni Mwislamu. Mwanawe alilelewa na familia ya Kikristo, kisha familia hiyo ikamwasili. Hukumu ilitoka mtoto akiwa ameshaasiliwa. Ndiyo maana nakuhimiza uingie mapema, wakati mazungumzo bado ni ya ushauri. Familia nyingi zinazofikishwa Barnevernet husaidiwa mtoto akiwa nyumbani kwao. Ukiacha hali ya dharura, ofisi ya manispaa haina mamlaka ya kukunyang'anya mtoto yenyewe. Ni lazima ipeleke shauri kwenye baraza linaloketi kama mahakama, na huko mzazi hupewa wakili anayelipwa na serikali.

Utakapofika, sema kweli. Norway ilipiga marufuku kuchapa watoto mwaka 1987, na mwaka 2010 sheria ikafafanuliwa zaidi ili asibaki mtu wa kudai kwamba kofi jepesi la malezi linaruhusiwa. Kwa hiyo ndala imekwisha, mama, na usiitetee. Eleza ulichofanya, kilichokufikisha hapo na unachotaka kubadilisha. Usimfundishe mtoto cha kusema, kwa kuwa atasikilizwa peke yake, na hiyo ni haki yake. Wewe nawe unaweza kuongozana na mtu unayemwamini.

Sasa tuje kwenye lililonigusa zaidi. Unadhani aliyekuvua mamlaka ni polisi. Nikisoma barua yako naona mwanao alishika usukani siku nyingi kabla ya hapo, tangu alipokuwa wa kwanza kujua daktari kasema nini na shule inataka nini. Mtoto anayejua siri zote za wazazi wake atawatiije kuhusu saa ya kurudi nyumbani? Naye kabebeshwa mzigo usio wake: ebu fikiria kijana wa miaka 13 akimsomea mama yake barua inayomhusu yeye mwenyewe, barua iliyozaliwa na maneno yake mwenyewe.

Hili lina dawa. Tangu tarehe 1 Januari 2022, sheria ya ukalimani ya Norway inakataza ofisi za umma kumtumia mtoto kama mkalimani, isipokuwa katika mazingira machache ya pekee. Dai mkalimani, kwa Kinorwe *tolk*, na utaje kwamba unataka Kiswahili cha Kongo. Kama unaogopa maneno yako yafike kanisani, omba mtu wa mji mwingine kwa simu. Kuanzia leo, barua ya ofisi ikiingia ipeleke ofisini ikafafanuliwe, isipitie kwa kijana.

Mwambie mumeo kwamba methali yake haikutaja fimbo. Ukimnyima kijana simu usiku akalia, hujamchelea. Hata wazazi wa Kinorwe huweka saa ya kurudi, hukata pesa za matumizi na huzuia matembezi ya wikendi. Kinachomuumiza mwanao zaidi ni kwamba baba kanyamaza na mama kaacha kuuliza. Kumpeleka Uganda ndiyo njia mbaya kuliko zote. Kwa sheria ya Norway, mtoto aliyetimiza miaka 12 hapelekwi kuishi nje bila wazazi wake pasipo ridhaa yake, na akikaa huko muda mrefu anaweza kupoteza kibali cha kuishi Norway.

Kijana akitaja haki zake, msimkatize. Someni pamoja naye Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989. Kifungu cha 18 kinawapa wazazi jukumu la kwanza la malezi. Kifungu cha 29 kinasema elimu imjenge mtoto awaheshimu wazazi wake, lugha yake na utamaduni wake. Mkataba wa Afrika wa mwaka 1990, katika kifungu cha 31, unampa mtoto wajibu wa kuwaheshimu wazazi na wakubwa wake. Huo wa Afrika hauifungi Norway, lakini kijana ajue kwamba na kwao haki za mtoto ziliandikwa, zikaandikwa pamoja na wajibu.

Kabla ya siku ya mkutano, kaa na mumeo mkubaliane saa ya kurudi nyumbani na adhabu isiyo ya kipigo kwa atakayeivunja, kisha mmwambie kijana wote wawili, kwa Kiswahili. Mkifika Barnevernet ombeni mafunzo ya malezi, yaani *foreldreveiledning*. Baba naye ajiandikishe. Akikubali hilo, mtakuwa na jambo la kuwaonyesha maofisa, na kijana atajua kwamba baba yake bado anamlea.