Mgongo unauma, upasuliwe na nani?

Katika misikiti yetu ya mjini, viti vya plastiki pembeni mwa safu vimekuwa vingi. Zamani vilikuwa vya wazee. Leo utamkuta dereva wa daladala, fundi mwashi na karani wa benki, watu ambao hawajafika miaka 50, wanaswali wameketi kwa sababu kiuno kimekataa kuinama. Kuhusu swala yao hakuna utata, kwani hadithi ya Imran bin Husayn katika Sahihi ya Bukhari imemruhusu asiyeweza kusimama aswali kwa kukaa. Utata upo kwenye tiba.

Mtu huyo huanza na vidonge vya duka la dawa, kisha hupiga chuku, huambiwa ana ngiri, hununua mkanda wa kiunoni, na baada ya mwaka jamaa hukaa kikao cha mchango ili akapasuliwe, pengine India. Kikaoni huulizwa nauli, gharama za kitanda na nani atamsindikiza. Haliulizwi swali la huyo atakayeshika kisu ni mtaalamu wa nini. Wengi huona kumuuliza daktari ujuzi wake ni utovu wa adabu, na wapo wanaosema ni upungufu wa tawakkul.

Rai hiyo haina msingi. Imam Malik amepokea katika Muwatta, kutoka kwa Zayd bin Aslam, habari ya mtu aliyejeruhiwa zama za Mtume (s.a.w.), wakaitwa watu wawili wa Bani Anmar kumtibu. Mtume (s.a.w.) aliwauliza ni yupi kati yao aliye hodari zaidi katika tiba. Isnadi yake ni mursal, lakini Ibn al-Qayyim ameitaja katika Zad al-Maad na kueleza kuwa katika kila fani atafutwe aliye mahiri zaidi. Aidha, Abu Dawud, An-Nasai na Ibn Majah wamepokea kuwa mwenye kujitia utabibu ilhali hajulikani kwa fani hiyo, hubeba dhamana ya madhara atakayosababisha. Ikiwa tabibu ana dhamana, vipi mgonjwa akose haki ya kuuliza?

Swali la kwanza ni kama upasuaji unahitajika kabisa. Maumivu ya kiuno huitwa sugu yakipita miezi 3, na kwa wagonjwa walio wengi hakuna kitu kimoja ambacho kisu kinaweza kukiondoa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2023 kuhusu maumivu haya unatilia mkazo elimu kwa mgonjwa na mazoezi, na haushauri mikanda ya kiunoni wala kuvutwa mgongo kwa mashine. Wala picha ya MRI peke yake si hukumu. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2015, uliowahusu watu 3,110 wasio na maumivu yoyote ya mgongo, ulikuta diski zilizotokeza kwa takriban asilimia 30 ya wenye umri wa miaka 20, na asilimia 84 ya wenye miaka 80. Kwa hiyo anayeambiwa "diski yako imetoka" asikimbilie kuuza kiwanja.

Upasuaji una nafasi yake pale mshipa wa fahamu unapobanwa. Dalili yake kubwa ni maumivu yanayoshuka mguuni hadi chini ya goti, au kwa mtu mzima, kutembea hatua chache kisha kulazimika kuinama au kukaa ndipo apate nafuu. Hata hapo wengi hupona bila kisu. Lakini anayepoteza ghafla uwezo wa kuzuia mkojo au haja kubwa, kufa ganzi sehemu za siri, au miguu kulegea, huyo apelekwe hospitali saa hiyo hiyo. Na mwenye homa, kukonda au maumivu makali usiku achunguzwe kwanza kifua kikuu cha uti wa mgongo, au saratani iliyosambaa, kama ile ya tezi dume.

Ikithibitika kuwa upasuaji unahitajika, fani ni mbili: daktari bingwa wa mifupa, na daktari bingwa wa ubongo na mishipa ya fahamu. Watu hubishana sana vibarazani juu ya yupi bora. Ukweli ni kwamba kuondoa diski inayobana mshipa, kupanua njia ya mishipa au kuunga pingili kwa skrubu hufanywa na wote wawili. Uvimbe ulio ndani ya utando wa uti wa mgongo kwa kawaida ni kazi ya bingwa wa mishipa ya fahamu. Mgongo uliopinda kwa mtoto mara nyingi ni wa bingwa wa mifupa. Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1996, ina mabingwa wa fani zote mbili.

Jina la fani, basi, halitoshi. Bingwa wa mifupa ambaye kazi yake ya kila siku ni magoti na nyonga si sawa na mwenzake aliyesomea uti wa mgongo hasa, na bingwa wa ubongo naye ni hivyo hivyo. Muulize: umesomea upasuaji wa uti wa mgongo? Upasuaji kama wangu umefanya mara ngapi mwaka uliopita? Unatarajia kuniondolea maumivu ya mguu au ya kiuno? Nisipopasuliwa itakuwaje? Swali la tatu lina uzito, kwa sababu matokeo ya kisu huwa mazuri zaidi kwa mguu kuliko kwa kiuno kinachouma peke yake. Daktari akikasirika kuulizwa, omba picha zako na ripoti umpelekee mwingine. Isipokuwa kwa zile dalili za mkojo, haja, ganzi na miguu kulegea, maumivu yaliyodumu mwaka mzima hayaharibiki kwa kusubiri wiki mbili zaidi.