Kutu na Umeme: Swali Lililonishinda

Kuuliza si ujinga. Methali hii twaijua tangu shule ya msingi, lakini tukifika maabara wengi wetu twanyamaza tusije tukachekwa. Mimi nilikuwa mmoja wao, hadi nilipoulizwa swali nyumbani kwetu Likoni.

Mjomba wangu ni fundi wa kuchomelea, hutengeneza meli. Jioni moja alikuja na kipande cha madini ya kijivu kilichotobokatoboka. "Mjomba," akaniambia, maana ndivyo tuitanavyo, "wewe wasoma sayansi. Hii ni zinki. Twaifunga chini ya meli ya chuma, kisha baada ya muda twaikuta imeliwa hivi, na chuma ki kizima. Mbona bahari yala zinki yaacha chuma?"

Nikajibu kwa fahari yale niliyoandika kwenye mtihani: kutu hutokea chuma kikikutana na maji na hewa. "Hilo nalijua," akasema. "Nimekuuliza zinki." Nikabaki kimya. Maksi nilikuwa nazo, jibu sikuwa nalo.

Kesho yake nilimpelekea mwalimu maswali manne. Nayaandika hapa pamoja na majibu tuliyoyapata, huenda nawe yakakufaa.

1. Je, chumvi ndiyo inayokula chuma?
La. Vinavyokila ni oksijeni na maji. Tia msumari katika chupa kavu iliyofungwa, hautashika kutu. Tia mwingine katika maji yaliyochemshwa ili hewa itoke, kisha yafunike kwa mafuta, nao utabaki safi. Chumvi kazi yake ni kuharakisha tu, kama tutakavyoona.

2. Umeme unaingiaje hapa?
Atomu ya chuma inapoingia majini huacha nyuma elektroni mbili. Elektroni hizo hupita ndani ya chuma chenyewe hadi sehemu nyingine, ambako oksijeni na maji huzipokea. Elektroni zikienda, huo ni mkondo wa umeme! Ndani ya maji, wanaokamilisha safari ni ioni. Maji ya bahari yamejaa ioni za chumvi, kwa hivyo njia ni nyepesi. Ndiyo sababu mabati na misumari ya huku pwani huzeeka mapema: upepo wa bahari huleta chumvi na unyevu pamoja. Kwa ufupi, msumari unaoshika kutu ni betri ndogo isiyo na balbu.

3. Kwa nini zinki iliwe badala ya chuma?
Zinki hutoa elektroni zake kwa wepesi kuliko chuma. Viwili hivi vikigusana ndani ya maji ya chumvi, zinki hutoa na chuma hupokea. Chuma kikipokea, hakina haja ya kutoa zake, kwa hivyo hakiliwi. Mabati nayo ni chuma kilichopakwa zinki. Yakikwaruzwa kidogo, zinki iliyo kando ya mkwaruzo huendelea kukilinda chuma mpaka yenyewe iishe.

4. Ikiwa kuna umeme, mbona mkondo wa msumari wenye kutu haugeuzi dira?
Swali hili ndilo lililonisumbua zaidi, kwani mwaka 1820 Hans Christian Ørsted wa Denmark alionyesha kwamba waya wenye mkondo wa umeme hugeuza sindano ya dira. Jibu ni kwamba mkondo wa kutu ni mdogo mno, tena huzunguka katika vijisehemu vingi vinavyoelekea huku na kule, basi nguvu zao za sumaku huuana.

Tukaamua kujaribu. Tulichukua bakuli la maji ya bahari, tukatia kipande cha zinki upande mmoja na misumari mikubwa upande wa pili, visigusane. Tukaviunganisha kwa waya mwembamba wenye vanishi, uliozungushwa mara mia moja kando ya dira, koili ikiwa sambamba na sindano. Kila mzunguko huongeza nguvu ya sumaku. Tulipounga ncha ya mwisho, sindano ikasogea! Tukaiondoa, ikarudi. Darasa zima likapiga kelele. Tulikuwa tumeuona kwa macho umeme unaolinda meli.

Jioni nikamweleza mjomba, nikaongeza kwamba zinki lazima iguse chuma chenyewe. Rangi ikiingia kati, elektroni hazina pa kupita, na ikipakwa juu ya zinki, maji hayaifikii. Akatikisa kichwa. "Kumbe! Siku zote tunakatazwa tusiipake rangi zinki, wala hatuambiwi kwa nini."

Wanafunzi wenzangu, mjomba aliambiwa afanye bila kuelezwa sababu, nami nilikariri bila kuitafuta. Tulikuwa sawa. Tofauti ni kwamba yeye aliuliza kwanza. Basi kesho ukiwa maabara, inua mkono.