Krismasi ya Waliobaki Kazini

SOMO LA JUMA
Soma: Luka 2:1-20

Desemba ikifika, wengi wetu hapa Habaswein mawazo huwa yameshapanda basi. Kwa Mkenya, Krismasi ni kwenda ushago, nguo mpya za watoto, chapati na mbuzi. Basi mwalimu, muuguzi au askari aliyekosa likizo hujiona amekosa Krismasi yenyewe. Je, ni kweli?

1. Krismasi haina sura moja
Jirani zetu Waorthodoksi wa Ethiopia huisherehekea Januari 7, baada ya kufunga siku 43 bila nyama wala maziwa. Ufilipino, kuanzia Desemba 16, watu huamka kabla ya alfajiri siku tisa mfululizo kwenda ibadani. Japani Desemba 25 si sikukuu ya taifa; Wakristo wachache wa huko humwabudu Bwana, na kazi inaendelea. Kwa hiyo si ati bila safari hakuna Krismasi.

2. Wa kwanza kuambiwa walikuwa kazini
Sisi tunaoishi na wafugaji twaelewa: huwezi kuacha mbuzi usiku na fisi wako karibu. Wachungaji wa Bethlehemu walikuwa zamu ya usiku. Malaika hakungoja wapate likizo. Na baada ya kumwona Mtoto, walirudi kazini wakimsifu Mungu.

3. Furaha hii ni ya watu wote
Desemba 21, 2015, basi la kwenda Mandera lilishambuliwa karibu na El Wak. Abiria Waislamu walikataa kutenganishwa na Wakristo. Mwalimu Salah Farah, Mwislamu, alipigwa risasi, akafariki Januari 2016. Siku nne kabla ya Krismasi, kuna familia za Kikristo zilizobakishiwa mtu wao kwa sababu ya jirani. Tutakulaje basi tukiwa tumefunga mlango?

Tufanye nini?
- Mtafute mwenzako aliyebaki peke yake, umwite mezani.
- Mwombe jirani Mwislamu achinje mbuzi, ili naye ale bila wasiwasi.
- Pigia wazazi simu, usinung'unike, wabariki.

Swali la vikundi vya nyumbani: Nani karibu nawe hajawahi kualikwa kwako?

Tuombe: Bwana, tukute hapa tulipo, kama ulivyowakuta wachungaji. Linda walio safarini na walio zamu. Amina.