Nyumba Si Ukoo: Kufundisha Uainishaji kwa Amiba Wenye Magamba

Mwanafunzi akiulizwa maana ya kuainisha, mara nyingi hutaja majina aliyoyakariri. Kuainisha si kukariri. Ni kuchagua kigezo, kukitumia, na kuwa tayari kukiacha ushahidi unapokikataa. Amiba wenye magamba wanafaa sana kutufundishia jambo hili.

VIUMBE WENYEWE

Amiba hawa ni viumbe wa seli moja. Wengi wana ukubwa wa kati ya mikromita 20 na 250. Mikromita 1,000 hufanya milimita moja. Huishi katika maji baridi, udongo wenye majani yaliyooza, na kuvumwani, yaani vimea laini vya kijani vinavyofunika mawe na magogo yenye unyevu. Kwa hiyo mwalimu wa Ngaramtoni hana haja ya kwenda mbali: kingo za mifereji na misitu ya miteremko ya Mlima Meru ni mahali pazuri pa kuwatafuta. Akamue kuvumwani ndani ya bilauri ya maji, asubiri maji yatulie, kisha achunguze tone la mashapo kwa hadubini.

Kwa somo letu wanatosha wanne. Arcella, aliyepewa jina na Ehrenberg mwaka 1832, ana gamba kama bakuli lililofudikizwa, alilolitoa mwilini mwake. Difflugia, aliyeelezwa na Leclerc mwaka 1815, hugandisha chembe za mchanga kama mwashi. Quadrulella hujenga kwa vigae vya mraba vya silika, na Euglypha kwa vigae vya silika vya mviringo.

HATUA ZA SOMO

1. Chora amiba hao kwenye kadi nne, ufunike miguu yao bandia kwa vipande vya karatasi. Wanafunzi wawapange kwa kutazama magamba. Yaelekea watawaweka Quadrulella na Euglypha pamoja.

2. Ondoa karatasi. Watatu wana miguu minene kama vidole. Euglypha peke yake ana miguu myembamba kama nyuzi. Wawapange upya.

3. Uliza: Mpango upi waonyesha udugu? Waache wajadiliane, na kila mmoja atoe sababu.

Ndipo uwaeleze waliyoyagundua wataalamu. Zamani amiba wenye magamba waliwekwa pamoja kwa sababu ya magamba yao. Miguu ilitia shaka, na uchunguzi wa vinasaba ukaithibitisha shaka hiyo. Wale watatu wamo katika kundi kubwa la Amoebozoa, pamoja na amiba asiye na gamba anayechorwa vitabuni. Euglypha yumo katika Rhizaria, pamoja na foraminifera wa baharini, ambao magamba yao huchanganyika na mchanga wa pwani yetu. Nyumba mbili zikiezekwa kwa bati, wenye nyumba hawawi wa ukoo mmoja kwa sababu hiyo.

TAHADHARI

Usiwaambie wanafunzi kwamba mpango wao wa kwanza haukuwa na maana. Gamba hubaki baada ya amiba kufa, na wataalamu bado hulitumia kutambua spishi. Wafahamu tu kwamba kigezo cha kumtambua kiumbe si lazima kiwe kigezo cha kuonyesha udugu wake.

ZOEZI

Andaa somo la namna hii kwa kutumia popo, ndege na panya. Taja kigezo kitakachowapotosha wanafunzi kwanza, na ushahidi utakaowarudisha njiani.