Msaada Udumuo kwa Vyama vya Akina Mama Vijijini

Siku hizi twaona jambo la kufurahisha. Vijana waliomaliza masomo, na hata wafanyakazi walio likizoni, huomba kwenda vijijini kujitolea katika vyama vya akina mama: vya maziwa, vya kusaga nafaka, vya ushonaji, vya kuweka na kukopa. Wazazi huwapa baraka, nasi twawasifu. Lakini yafaa tuulize jambo moja kabla kijana hajafunga mzigo wake. Akiisha kurudi mjini, ni kitu gani kitakachobaki nyuma yake?

Hatuulizi hivi ili kuwavunja watu moyo. Msomaji asafiriye vijijini amekwisha kuona kibanda chenye mashine iliyonyamaza, au cherehani zilizofunikwa gunia. Vitu hivyo vililetwa kwa moyo mwema, tena siku ya kukabidhiwa palikuwa na ngoma na hotuba. Miaka michache ikapita, pakawa kimya. Majirani husema, "Akina mama wale hawakuwa na umoja." Pengine ni kweli. Aghalabu, lakini, kilichokosekana ni hesabu, na hesabu hiyo hapakuwa na mtu aliyewaonyesha.

Tuitazame kwa mfano. Tuseme chama kimepewa mashine ya kusaga yenye thamani ya shilingi 6,000,000, na fundi akadiria kwamba itafanya kazi miaka 5. Kila mwezi yaingiza shilingi 500,000. Mafuta, mshahara wa mwendesha mashine na matengenezo madogo huchukua 380,000. Zinabaki 120,000, akina mama wanagawana kwa furaha. Sasa gawanya 6,000,000 kwa miezi 60: utapata 100,000. Kiasi hicho ndicho kinachochakaa kila mwezi katika mashine yenyewe. Basi faida ya kweli ilikuwa 20,000 tu. Zile 100,000 nyingine walizogawana zilikuwa vipande vya mashine yao, wakivila mwezi baada ya mwezi bila kujua. Ikifika mwaka wa 6, mashine imekufa na sandukuni hamna kitu. Tena bei ya mashine mpya huenda imepanda, hata akiba ya 100,000 kwa mwezi isitoshe.

Hapo ndipo penye neno gumu: kuweka akiba ya uchakavu, na labda kupandisha bei ya kusaga debe moja kwa jirani wa karibu, ambaye naye ana watoto. Mgeni hawezi kuliamua hilo. Akiamua yeye, siku atakapoondoka bei itashuka tena. Kazi yake ni kuikokotoa hesabu hiyo pamoja nao ubaoni, polepole, mpaka mama mmoja asimame na kuwafundisha wenzake.

Kipo chama kinachoweza kutupa fundisho jingine. Huko Nronga, wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, akina mama walianzisha chama chao cha ushirika wa maziwa mwaka 1988. Kwa nini maziwa, wala si kahawa, katika nchi yenye sifa ya kahawa? Kahawa ilihesabiwa kuwa mali ya baba. Tangu Chama Kikuu cha Ushirika cha Kilimanjaro, KNCU, kilipoundwa mwaka 1933, fedha za kahawa zilipita kwa kawaida mikononi mwa wanaume, ijapokuwa akina mama walipalilia na kuchuma. Maziwa, kwa desturi ya Wachagga, yalikuwa fungu la mama. Basi akina mama wa Nronga walianza na kitu kilichokwisha kuwa chao, wakijua kukikamua, kukitunza na kukiuza. Ni vijana wangapi wanaokwenda kijijini na wazo la kufuga sungura, kisa wamelisoma mahali, wasiulize kwanza akina mama wana nini mikononi?

Na katika chama cho chote cha maziwa, mtu wa kujitolea hapungukiwi kazi. Kila asubuhi maziwa hupokewa, hupimwa kwa lita, huandikwa katika jina la mwanachama, kisha humiminwa pamoja. Maziwa ya mtu mmoja yaliyochacha yaweza kuharibu ya wote. Na ili kujua kama maziwa yametiwa maji hutumika laktomita, kile kifaa cha kioo kinachoelea. Maziwa safi ni mazito kuliko maji. Yakitiwa maji uzito hupungua, na kifaa huzama zaidi. Kifaa hiki chaokoa ujirani. Ni vigumu mama kumwambia mwenzake, "Maziwa yako yana maji," hali wanateka kisima kimoja na watoto wao wameoana. Lakini alama ya kioo ikionekana na wote, anayesema ni kipimo. Mwenye kuwafundisha akina mama watatu au wanne kuisoma laktomita na kulitunza daftari la mapokezi amefanya kazi kubwa. Twasema watatu au wanne kwa makusudi. Akifundishwa mmoja tu, siku akiugua au akihama, chama kimepofuka.

Kuhusu fedha, wasomi wetu wana la kujifunza. Mwaka 1991, nchini Niger, shirika la CARE lilianza kuwasaidia akina mama wa vijijini kuunda vikundi vya kuweka na kukopa kwa fedha zao wenyewe, bila mtaji wa kutoka nje. Utaratibu huo umeenea katika nchi nyingi za Afrika, na kwetu Tanzania vikundi vya namna hiyo ni vingi. Sanduku lina kufuli tatu. Funguo tatu hukaa kwa wanachama watatu, na sanduku kwa mwingine. Halifunguliwi ila mkutanoni, na fedha huhesabiwa mbele ya wote. Hisa hugongwa mihuri katika kitabu cha mwanachama, hata asiyejua kusoma aweze kuzihesabu. Kabla ya kuachana, salio hutajwa kwa sauti na wanachama hulishika kichwani. Mkutano ujao huulizwa kabla ya sanduku kufunguliwa. Kila baada ya mwaka mmoja hivi wanagawana akiba na faida yake, kisha huanza upya.

Angalia pia jinsi mwalimu wa kikundi anavyofanya. Mwanzoni huhudhuria karibu kila mkutano, halafu hupunguza safari zake, mwisho huja siku ya mgawo tu. Kuondoka kwake kumepangwa tangu siku ya kwanza. Wala hashiki ufunguo. Ye yote anayejitolea akipewa ufunguo, hata kwa heshima na upendo, aukatae.

Mapadre wawili wa Kanada, Jimmy Tompkins na Moses Coady, walifuata njia kama hii katika jimbo la Nova Scotia, kati ya wavuvi na wakulima maskini. Walikusanya watu katika vikundi vidogo vya masomo, mara nyingi majumbani, wajifunze kwanza habari za bei, mikopo na hesabu. Duka na chama vikafuata. Mwaka 1959 Chuo Kikuu cha Mtakatifu Fransisko Ksaveri huko Antigonish kilianzisha taasisi yenye jina la Coady, ambayo imewafundisha viongozi wengi wa maendeleo kutoka Afrika.

Neno moja kwa akina baba. Chama cha mke wako chaweza kuwa na daftari safi na kufuli tatu, na bado kikafa nyumbani kwako, siku ya mgawo, jioni. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yasema kwamba mwanamke aliyeolewa ana haki sawa na mwanamume ya kupata mali, kuimiliki na kuitoa. Si wengi wanaoijua, na kati ya wanaoijua wako wanaojifanya hawaijui. Mkae, mpange pamoja ada ya mtoto na bati la nyumba. Lakini fedha hizo zisiulizwe kwa ukali, kana kwamba zimeibwa.

Kijana anayetaka kwenda mwaka huu aanze kwa afisa ushirika au afisa maendeleo ya jamii wa wilaya, aulize ni chama gani kinachoomba mtu, na cha kufanya nini. Chama kikiwa bado hakijaandikishwa, aisome katiba kwa sauti mbele ya wanachama, kifungu kwa kifungu, kabla hawajatia sahihi. Awaamkie wazee shikamoo, ahudhurie mikutano miwili ya kwanza akisikiliza tu. Msimu wa kulima asiitishe kikao saa 4 asubuhi. Angoje jioni, ng'ombe wakiisha kukamuliwa na maji kuchotwa. Mzigo wake usiwe mkubwa. Daftari la mistari, kalamu na kikokotoo kidogo vyatosha kuanzia. Laktomita chama kitanunua chenyewe.